Siku yangu moja ya Novemba na wanafunzi wazawa wa mwaka wa kwanza, Saskatoon

Nikisema nasaidia wanafunzi wenyeji asilia wa Kanada wakiwa mwaka wa kwanza chuoni, watu wanadhani nawafundisha namna ya kusoma. Kusoma wanajua jamani, wasingefika. Kazi yangu ni makaratasi, nauli na misiba. Nawapa siku moja ya juzijuzi, katikati ya Novemba, mwezi ambao mimi siupendi kabisa, maana Septemba kila ofisi inawakaribisha kwa maputo na Novemba kila ofisi inawakumbusha deadlaini.

Saa mbili kasorobo asubuhi. Nafungua senta, yaani kituo cha wanafunzi wazawa hapa chuoni, nje giza, jua la huku mwezi huu linakaribia saa mbili na nusu ndo litoke. Nabandika kahawa alafu napigia watu wa majengo kuwaambia leo tunafukiza chumba cha mwisho, ile desturi yao ya kujitakasa kwa moshi, bila hiyo taarifa kengele ya moto inalia na jengo zima linamwagwa nje kwenye baridi. Wanafunzi wanachoma majani makavu kwenye bakuli, kila mtu anajipitishia moshi kwa viganja, kichwani, machoni, kifuani. Nyie wa pwani mliokulia kwenye harufu ya chetezo hamtashangaa.

Saa tatu. Imeili, na nusu yake ni hela. Hapa niseme kitu kwa sababu hata wanafunzi wenzao wanawarushia maneno, eti nyie mnasoma bure. Nani kasema bure? Kuna fungu la serikali kuu kwa watu wa Mataifa ya Kwanza, ndo kundi moja kati ya makundi matatu ya wazawa wa Kanada, linapitia bendi, yaani utawala wa jamii yao wenyewe, na bendi inapewa kiasi chake, kikiisha kimeisha, waliobaki wanapanga foleni. Wametis, wenye asili ya wazawa na Wazungu, na Wainuit wa kaskazini ya mbali wana njia zao nyingine, na asiyekuwemo kwenye rejista ya serikali hilo fungu halimhusu hata kama bibi yake ni Mkrii mtupu, wa moja ya hayo Mataifa ya Kwanza. Na aliyepata naye hana raha, barua ya usajili apeleke, matokeo apeleke, idadi ya kozi isishuke.

Ndo kilichomleta binti wa saa nne. Kemia imemshinda, wiki hii ndo mwisho wa kuacha kozi bila kupata F, mshauri wa kitivo kamwambia acha tu, wengi wanaacha. Hakumuuliza kodi ya chumba analipa nani! Akiacha anashuka chini ya idadi kamili ya kozi na hela ya kujikimu inaingia mashakani. Nikamwambia tumpigie yule mama anayeshughulikia elimu kwenye bendi yenu, ila utaongea wewe mimi nipo hapa pembeni. Alitetemeka sauti mwanzoni, baadae wakawa wanacheka maana yule mama anawajua wazazi wake wote wawili. Kaambiwa aandike barua, aeleze kozi ataichukua tena lini, iwe imefika kabla ya Ijumaa. Tumeiandika palepale, ukurasa mmoja. Mimi huwa sipigi simu kwa niaba ya mtu kama mwenyewe anaweza, Aprili nikiwa likizo atampigia nani?

Saa tano na nusu ndo siku ilipogeuka. Kijana kutoka kaskazini kaingia hajavua hata koti, mama yake mdogo kafariki usiku, na Alhamisi ana mtihani na maabara. Sasa fomu ya chuo ya kuahirisha mtihani inataka ndugu wa karibu, imeorodhesha mzazi, mwenza, mtoto, kaka au dada, basi. Kwa Wakrii dada wa mama ni mama, na huyu ndiye aliyemlea toka ana miaka mitatu. Mimi hakuhitaji kunielezea, kwetu pia aliyefiwa na mama mdogo kafiwa na mama. Kwenye fomu tukaandika "mzazi" na chini nikaweka maelezo na sahihi yangu, alafu nikawaandikia walimu wake watatu. Wawili wamejibu ndani ya nusu saa, pole nyingi, nenda nyumbani. Wa tatu anataka cheti cha kifo. Mtu hajazikwa unataka cheti! Nimeandika jibu la kwanza nikalifuta, la pili lilikuwa na adabu.

Saa saba supu. Siku ya supu ni muhimu kuliko siku ya ushauri, aliyekataa kuja ofisini mwezi mzima anakuja kwenye supu na mkate wa bannock, na akishashiba anaongea. Kokum wetu, yaani bibi, mzee wa senta, anakaa meza ya dirishani. Anayetaka ushauri wake anampa tumbaku kwanza, ndo heshima yenyewe, na vijana waliokulia mjini wengine hawana hata pa kuipata, kwa hiyo naweka vifurushi kwenye droo yangu, nimevifunga kitambaa. Leo kijana wa msiba kachukua kimoja, wakakaa saa nzima, sijui waliongea nini na sikuuliza.

Kokum kasoma zile shule za bweni walikopelekwa watoto kwa lazima, na ya mwisho kwenye jimbo hili la Saskatchewan, ile ya Gordon, ilifungwa 1996, juzi tu hapo. Na sheria ya 1876 ilisema mzawa akipata digrii ya chuo anafutwa kwenye orodha ya watu wake moja kwa moja. Kwa hiyo ukisikia bibi wa kijijini anamuuliza mjukuu ukimaliza utarudi kuwa wetu, usidhani hapendi elimu.

Saa nane kikao na walimu. Kirefu, kahawa mbovu. Nimesema moja tu, msimgeukie mwanafunzi mmoja darasani aseme wazawa wanaonaje, ana miaka kumi na nane na yuko pale kusoma sosholojia.

Saa tisa darasa la ziada la hesabu, linaenda lenyewe, linafundishwa na wa mwaka wa tatu na wanamsikia kuliko mimi.

Saa kumi simu, bibi wa mwanafunzi mwingine kabisa, mjukuu wangu anafaulu? Sheria ya faragha hainiruhusu hata kusema namjua. Nikamwambia shikamoo ya kwao, nikamwambia leo supu ilikuwa nzuri na watu walikuwa wengi. Akacheka, akasema ahsante, ameelewa.

Saa kumi na moja ni kutafuta usafiri wa msiba. Mabasi ya jimbo yalifungwa 2017, ya kampuni kubwa ya Greyhound yakaondoka karibu magharibi yote ya Kanada mwaka uliofuata, kwa hiyo kwenda kaskazini ni gari la mtu. Tumepata nafasi kwa muuguzi anayerudi La Ronge, mji wa kaskazini, mwendo wa saa nne hivi kama barabara haina barafu, na mjomba atampokea pale waendelee. Hela ya mafuta imetoka mfuko wa dharura, risiti nimepewa.

Saa kumi na mbili kasoro yule mwalimu wa tatu kajibu, kakubali tangazo la msiba lililowekwa Facebook, mtihani Jumanne ya wiki ijayo. Nimemtumia kijana meseji, wako njiani tayari. Fomu yenyewe bado ni ileile, kamati inayohusika inakaa Januari na nimeshaomba tuwekwe kwenye ajenda, safari hii naenda na kokum, tuone nani atamwambia yeye ndugu wa karibu ni nani.