Ushahidi Uliokatwa Nusu

Assalaam alaykum, ndugu zangu katika imani. Anayetengeneza filamu ya maisha halisi kwa fedha zake mwenyewe, bila kampuni wala bosi wa kumpangia kazi, hujiita mtayarishaji huru, na jina hilo huwa tamu mpaka siku anapofika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kuwarekodi wakulima wa mwani. Huko ratiba hupangwa na mwezi. Wanawake huingia shambani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakakupwa mbali na vigingi vikaonekana. Zikija siku za maji mafu kazi hiyo husimama, hata kama kamera ni ya kukodi na kodi yake inahesabiwa kila kukicha.

Na bamvua likishafika, upepo wa kusi huingia moja kwa moja kwenye maikrofoni, chumvi huganda juu ya lenzi, na mama unayemhoji anakujibu akiwa ameinama, mgongo ameipa kamera, vidole vyake vikifunga mbegu ya mwani kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vyembamba vya kufungia, kwa sababu maji yakianza kujaa hayamngoji yeye wala wewe. Ukimwomba asimame akutazame, umemlia muda wake wa riziki. Wenzangu katika fani hii huyaita mambo haya mikosi. Mimi nayaona ni malezi ya shahidi, maana yanamzoesha kulipokea jambo lilivyo kabla hajapata nafasi ya kulipanga apendavyo.

Nafasi hiyo huja baadaye, usiku, mbele ya kompyuta ya kuhariri, na mtihani mzito uko hapo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje ikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na mama mmoja aliyekifanya tangu ujana wake alitueleza, kwa pumzi moja, kwamba bei wanayopewa hailingani na jasho lao, kwamba kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, siku hizi hufa maji yanapopata joto, na kwamba pamoja na yote hayo ni mwani huo huo uliomwezekea nyumba mabati na kumsomeshea watoto. Bakisha mwanzo peke yake, utapata mnyonge wa kuliliwa, na niseme wazi kwamba picha ya namna hiyo ndiyo inayofungua mikoba ya wafadhili kwa wepesi. Bakisha mwisho peke yake, utapata tangazo la biashara. Katika hali zote mbili sauti ni yake, uso ni wake, hakuna neno hata moja lililoongezwa, na bado umemsingizia.

Kila aliyepita chuo cha Qur'ani anaijua hatari hii tangu utotoni, kwa kuwa mwalimu alimwonya asisimame ovyo katika Suratul Maaun. Mwenye kusoma "Ole wao wanaosali" akanyamaza hapo, ametamka maneno ya Qur'ani yenyewe, lakini amewaacha wasikilizaji na maana iliyopinduka, kwani aya inayofuata ndiyo inayobainisha kuwa wanaokusudiwa ni wale wanaozipuuza sala zao. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili Yake, hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Mtayarishaji huru hana mkuu wa kumsahihisha, basi amri hiyo humwangukia yeye peke yake.

Hata hivyo, kukata si dhambi kwa kila hali. Siku moja upepo ulimpeperusha mama mwingine mtandio wakati jua la asubuhi limemwangaza vizuri mno, na alipomaliza kujifunga akasema, "Mwanangu, hiyo usiionyeshe." Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Yupo atakayeuliza kama huko nako si kuficha ukweli. Mimi nauliza kwanza mkasi unamtumikia nani: ukimhifadhi mtu aliyekuamini, huo ni sitara, ukimpunguzia maneno yake ili wewe upate filamu inayouzika, umeila amana aliyokuachia.

Picha ya mtandio ilifutwa, pamoja na nakala zake zote. Maneno ya yule mama wa kwanza yamebaki mazima, bei, kotonii, mabati na watoto, ingawa mhariri mwenzangu bado analalamika kwamba sehemu hiyo ni ndefu na inaivuruga kasi ya filamu.