Nilivyojiandaa kwenda kujitolea Malawi nikiwa bado chuoni

Swali la kwanza nililoulizwa nyumbani halikuwa la nauli. Mama aliniuliza, "Kwani yatima wa hapa Mbagala wamekwisha mpaka uwafuate Malawi?" Sikubishana naye, swali lenyewe lilikuwa la haki. Nasoma ustawi wa jamii, likizo ndefu ilikuwa inakaribia, na nilichotaka kukiona ni namna ya kumsaidia mtoto aliyefiwa bila kumhamisha kwao. Malawi wana vituo vya watoto wadogo vinavyoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Mtoto anashinda pale asubuhi, anacheza, anakunywa uji, kisha anarudi kulala kwa bibi au shangazi yake. Mama akasema sawa, lakini nianzie nyumbani. Basi Jumamosi zangu zikawa za kituo kimoja cha watoto huku huku Mbagala.

Maandalizi yenyewe, ukiniuliza mimi, yalifanyika pale. Makaratasi ni mambo ya foleni tu.

Siku ya kwanza, mtoto wa kama miaka mitatu alinidaka dera hata viatu sijavua. Anataka abebwe. Nikambeba, akaniita mama. Mwenzangu wa darasani niliyekwenda naye machozi yakamlengalenga: jamani, watoto hawa wana upendo! Mama mlezi hakusema neno mpaka mtoto aliposhuka akakimbilia wenzake. Ndipo akatuuliza, "Wa kwenu nyumbani, mgeni akiingia anamrukia hivyo?" Tukajibu hapana, anajificha nyuma ya mama yake. "Haya. Huyu hana wa kujificha nyuma yake."

Darasani tulishasoma habari za watoto waliolelewa kwenye makao makubwa ya Romania, na jinsi watafiti walivyokuta baadhi yao wanamwendea mtu yeyote, anayemjua na asiyemjua, kwa sababu hawakuwahi kuwa na mlezi mmoja wa kudumu. Kusoma ni kusoma. Yule mama aliniambia wageni wanakuja kwa makundi, wanapiga picha, wanagawa pipi, wanaondoka, na jioni yeye ndiye anayebaki na kilio. Tangu hapo nikaweka sharti langu: popote nitakapokwenda, sitakuwa mtu wa kubeba na kukumbatia. Nitafanya kazi ya kuwapunguzia mzigo walezi, ili wao ndio wawe na muda wa kubeba.

Nilipoanza kuandikia vituo, nikawa na maswali yangu. Watoto wanalala wapi? Wana ndugu, na ndugu wanafuatiliwa? Nikiondoka kazi yangu anaibeba nani? Mnataka hati ya tabia njema? Hili la mwisho ndilo lililonichujia. Sehemu moja walinijibu nisihangaike na vyeti, nije tu na dola zangu za kila wiki, watoto wapo. Nikaachana nao siku hiyo hiyo. Kituo kinachompokea mtu kisichomjua na kumwachia watoto kwa sababu amelipa, kesho kitampokea nani? Tena nchi kama Nepal na Kambodia zimeonyesha biashara hii inavyokwenda: wageni wakiwa wengi watoto nao wanatafutwa, na wengi wanaoitwa yatima wana mzazi hai huko kijijini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala imesema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake.

Waliokuja kunikubali wako wilaya ya Karonga, kaskazini kabisa ya Malawi, ukivuka mto Songwe tu umefika kwao. Hao waliniuliza mimi maswali mengi kuliko niliyowauliza. Wakataka wadhamini wawili, barua ya chuo, na nisaini karatasi kwamba sitarusha picha ya mtoto yeyote mtandaoni. Nikajua hapa pana wenyewe.

Makaratasi niyapitie haraka. Pasipoti ni shilingi 150,000, fomu unajaza mtandaoni, kisha unakwenda mwenyewe kwa alama za vidole. Andaa kitambulisho cha taifa, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi. Mama yangu hana cheti, kazaliwa kijijini, kwa hiyo tulikwenda kwa wakili akala kiapo. Viza Mtanzania haihitaji kwa kuingia Malawi kutembea, lakini kazi ya kujitolea muulize mwenyeji wako taratibu zake mapema, na uwe na barua yake mkononi. Hati ya tabia njema ni polisi, napo ni vidole. Chanjo ya homa ya manjano nilichoma Mnazi Mmoja. Kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni ya maisha, hairudiwi. Sikutaka kubishana na mtu mpakani.

Wenyeji walisema wanahitaji mtu wa kusaidia kupima watoto na kupanga daftari zao. Basi nikaenda kumwomba sista wa kliniki ya karibu na nyumbani anifundishe kutumia utepe wa kupimia mkono, ule unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo. Unautazama unadhani ni kazi ya kitoto. Unapima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, na mkono uwe umening'inia wenyewe. Mtoto akikaza msuli namba inapanda. Ukiubana sana utepe namba inashuka. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, apelekwe hospitali. Kuanzia hapo mpaka chini ya 12.5 ni njano. "Milimita mbili zako," sista aliniambia, "zinaweza kumnyima mtoto maziwa ya dawa, yale ya kutibu utapiamlo." Akanirudisha kupima tena na tena mpaka namba zangu zikalingana na zake.

Hela ilikuwa kasheshe, kama kawaida. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu chuoni, nililigawa, na hosteli nikauza ubuyu na kashata. Wenzangu walishauri nichangishe kwenye magrupu ya WhatsApp nikiweka picha ya watoto wenye huzuni, eti watu wataguswa. Nikakataa. Niliandika tu naenda wapi, kufanya nini, nauli ni kiasi gani. Walionichangia ni wachache, ila walitosha kuziba pengo.

Lugha nilipata bahati. Mwenzangu wa chumbani ni wa Kyela, na Kinyakyusa chake na Kingonde cha Karonga ni ndugu wa karibu. Kila usiku tukawa tunafundishana salamu na maneno ya kumtuliza mtoto, akinicheka mpaka mbavu zinamuuma.

La mwisho tulilopanga na mwenyeji kwa simu ni kuondoka kwangu. Tulikubaliana watoto waambiwe siku ya kwanza kabisa kwamba dada huyu ni mgeni na ana siku yake ya kurudi. Ukutani tungechora kalenda, wawe wanaweka alama kila asubuhi kabla ya uji. Na asiwepo mtoto atakayelala kifuani kwangu. Akisinzia nimpeleke kwa mlezi wake.

Basi liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Mama alinisindikiza na mfuko wa chapati na daftari tatu kubwa alizonunua mwenyewe Kariakoo. Akasema za kuandikia hao watoto majina yao yote matatu, maana ukoo wa mtoto haupotezwi. Mpakani Kasumulu afisa aliisoma barua ya mwenyeji mpaka mwisho, akauliza narudi lini, akagonga muhuri. Ng'ambo nikarudisha saa nyuma kwa saa moja, nikapanda baiskeli ya abiria.