Kumvua perege wa mtoni kwa mshipi

Anayerudi mikono mitupu kutoka bondeni husingizia chambo. Mara nyingi kosa liko kwenye ndoana. Perege wa vijito vya Pemba, au wa Mwera na Zingwezingwe kule Unguja, ana kinywa kidogo, na ndoana ya changu haimwingii. Chukua namba 14. Wakiwa wa vidole viwili shuka hadi 16, maana namba ikipanda ndoana inapungua. Mshipi wa milimita 0.18 unatosha. Ufito au mwanzi uwe wa mita mbili na nusu, na mshipi uwe mfupi kuliko ufito kwa shibiri moja, la sivyo kila ukiinua unanasa kwenye magugu.

Chelezo kinataka uangalifu zaidi. Kata kipande cha ndara kuukuu, kisizidi punje ya hindi, kisha bana kirisasi sentimita 10 juu ya ndoana. Ongeza virisasi mpaka chelezo kibakishe kichwa tu juu ya maji. Kikielea chote, perege akivuta anahisi uzito na kutema. Usingoje kizame: perege hukisogeza ubavuni, au chelezo kinasimama ghafla ilhali maji yanakwenda. Hapo inua mkono taratibu, maana mdomo wake huchanika upesi.

Kwa chambo, chimba nyungunyungu chini ya migomba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Kipande cha sentimita moja, ncha ining'inie kidogo. Boflo lililokandwa hufaa kwenye maji yaliyotuama tu. Kwenye mkondo linayeyuka, labda ulikande na nyuzi za pamba.

Perege hakai katikati ya mkondo. Mtafute ukingoni, chini ya yungiyungi, au kwenye shimo lililochimbwa na maji yanayoanguka kutoka kalvati. Jua liwe mbele yako ili kivuli kiangukie nyuma, na ukanyage polepole, kwani kishindo cha mguu kinamfikia. Wakati wa kaskazi, vidimbwi vikipungua, alfajiri utawaona wanahema juu ya maji. Hewa ndani ya maji imepungua usiku, hawali. Ngoja jua lipande.

Ukiona visahani vilivyochimbwa kwenye tope, hivyo ni viota vya madume. Dume aliyegeuka mweusi huvamia chochote kinachoingia kiotani, hata akiwa ameshiba. Jike haonekani kwenye ndoana siku hizo, kwa sababu analea mayai kinywani na hali. Akinaswa kwa bahati mbaya, mrudishe hima. (Perege wa Zanzibar waliwahi kufika Malaka, huko Malaya (sasa Malaysia): mtaalamu wa samaki Hickling aliwapandisha na perege wengine, na mwaka 1960 akaandika kwamba watoto walitoka karibu wote madume.)

Maji yakichafuka kwa masika, mwache perege, tega kambare magharibi inapoingia: ndoana namba 6, mshipi mnene, nyungunyungu mzima alale chini kabisa. Mshike nyuma ya kichwa. Mapezi yake ya ubavuni yana miiba.

Na usiingie majini. Konokono wa kichocho hupenda palepale anapopenda perege, maji ya polepole yenye magugu, na hatari huzidi jua la mchana linapokuwa kali. Ndoana ikinasa chini, kata mshipi ufunge nyingine.