Chupa ya Pauni 18

Nimekulia Hombolo, Dodoma, mlango wa nyumba yetu ukitazamana na shamba la zabibu la baba. Kwa hiyo Oktoba ile, kaka aliponichukua kutoka kwake Brighton, Uingereza, akanipeleka kwenye shamba la mizabibu la Sussex, nilijua nakwenda kuangalia nini. Nyaya zilikuwa kama zetu, vichala vimening'inia chini kama vyetu. Udongo ndio ulionishangaza. Niliokota jiwe jeupe, likaniachia unga vidoleni. Chaki, kama ubaoni.

Wavunaji walikuwa bado kazini. Nikaomba punje moja ya zabibu aina ya Pinot Noir, nikaitafuna, ikanitia ganzi meno.

"Kaka, hizi hazijaiva! Baba angewafukuza shambani."

"Zimeiva, mdogo wangu. Ndivyo wanavyozitaka."

Kwenye duka la shamba chupa nyingi za divai yao ya mapovu zilizidi pauni 30. Tulichukua ya pauni 18, maana ndiyo tuliyoimudu. Jioni kaka aliishika kwa taulo, akabana kizibo na kuizungusha chupa taratibu, kwa sababu mgandamizo wa humo ndani ni zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari. Kilitoka kwa mvumo mdogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi.

"Sasa hii ndiyo shampeni?"

"Shampeni ni ya Ufaransa, inatoka Champagne peke yake. Hii ni ya hapa hapa, ila zabibu ni za aina zile zile na udongo ni chaki hiyo hiyo."

Mapovu yalikuwa madogo mno, yakipanda kwa mstari mwembamba kutoka chini ya glasi. Funda la kwanza lilikuwa ndimu tupu. La pili likaleta tofaa bichi, na baadaye, nilipokwisha kumeza, ikabaki harufu ya ganda la mkate uliotoka jikoni. Kaka akanieleza kwamba divai hii huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe. Hamira ikishakufa hulala humo miezi mingi kabla ya kutolewa, na mkate ule unatoka kwake.

Ule ukali ulionichoma shambani ulikuwemo wote, na ndio uliokuwa umeishika divai nzima. Kwetu jua huijaza zabibu sukari haraka na ukali unakimbia. Kule baridi huulinda mpaka siku ya kuvuna. Nilikunywa glasi mbili polepole, na hadi leo naamini pauni 18 zile hazikupotea hata moja.

Usiku nikampigia baba. Nikamwambia wenzake wa huku wanavuna mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili kama yeye. Hilo halikumshtua.

"Na maji wanavuta wapi?"

"Hawavuti, baba. Ni mvua."

Akanyamaza kidogo.

"Mvua tu?"

"Mvua tu, baba."