Haraka ya kumfukuza mvujishaji

Jumapili, jioni

Wiki hii nimezifikiria sana kesi za kuvujisha siri za ofisi. Siri imevuja kweli, mvujishaji anajulikana hadi kwa mlinzi wa getini, na bado mwajiri anabwagwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi hapa Tanzania. Kinachomponza ni haraka.

Tuseme orodha ya mishahara imetupwa kwenye kundi la WhatsApp. Bosi analetewa skrinshoti iliyokatwa juu: haina tarehe wala namba, na jina linalosomeka ni lile aliyeipiga alilolisevu mwenyewe kwenye simu yake. Faili lenyewe liko kwenye kompyuta ya uhasibu, watu watano wanaifungua kwa pasiwedi moja. Sasa nani kavujisha? Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Angehitaji kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha nani aliingia na saa ngapi, simu iliyopokea ujumbe ionekane, na mpokeaji aje atoe ushahidi. Hapo kwenye shahidi ndipo pagumu, maana watu hodari wa kupeleka umbea kwa bosi siku ya kikao wote wanaumwa.

Halafu, katazo lilikuwepo na mfanyakazi alilijua? Kanuni za ajira za 2007, yaani GN 42 (Tangazo la Serikali namba 42), zinataka kanuni ya kazi iwe wazi na itumike kwa wote sawa. Mkataba unaosema tu "usitoe siri za kampuni" unaacha mwanya: bei za zabuni, taarifa za wagonjwa, au hata mshahara wako mwenyewe? Na kama mwaka jana mwingine alipewa onyo kwa kosa hilohilo, jiandae kueleza kwa nini huyu anafukuzwa.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Chunguza kwanza, ukihofia ataharibu ushahidi, msimamishe kwa mshahara kamili. Mpe mashtaka kwa maandishi na muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, aje na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti asiwe yule aliyechunguza. Mtuhumiwa awahoji mashahidi, na akikutwa na hatia asikilizwe tena kabla ya adhabu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mno, kwa sababu barua ya kumwachisha huwa imeshachapwa.

Mtego mwingine ni polisi. Akishashtakiwa mahakamani kwa kosa lilelile, sheria ya ajira ya 2004 inakuzuia kumwadhibu kazini mpaka kesi iishe, pamoja na rufaa. Na kama alichotoa ni taarifa ya wizi au rushwa kwa mamlaka husika, angalia kwanza sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa.

Kwa aliyefukuzwa: fomu namba 1 ya CMA ijazwe ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza wakisubiri bosi apoe, kisha wanaanza kuomba waongezewe muda, na "nilikuwa naongea nao vizuri" ni sababu dhaifu.