Nimerudi, na kila mtu ananiuliza habari za ule ukuta

Hata masanduku sijayafungua, mjomba kashaniuliza: "Ule ukuta wa Marekani na Mexico umeuona kwa macho yako?" Baada yake majirani, kisha watoto wa shangazi kwa zamu. Nimeona afadhali niandike mara moja, kuliko kurudia maelezo yale yale kila jioni.

Nimeuona, tena mara nyingi. Miaka yote hiyo nilikuwa Tucson, Arizona, na kutoka pale hadi Nogales ni kama kilomita 100. Nogales ni miji miwili yenye jina moja, mmoja upande wa Arizona na mwingine upande wa Sonora, jimbo la Mexico, na ukuta unapita katikati ukipanda na kushuka vilima. Msifikirie matofali. Ni nguzo za chuma zilizosimamishwa wima na kujazwa zege, na kati ya nguzo na nguzo pana upenyo wa kama sentimita 10. Mtu wa upande wa pili unamwona vizuri, hata redio ya gari lake unaisikia. Kwingine kwenye mpaka, vipande vipya vimefika mita 9 kwenda juu, na kileleni kuna bamba la chuma lisilo na pa kushika. Mchana wa Julai usijaribu kuigusa hiyo nguzo, utaungua.

Wengi hapa mnadhani umeziba mpaka wote. Bado. Mpaka una karibu kilomita 3,145. Utawala wa kwanza wa Trump ulijenga kama kilomita 737, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa kung'oa uzio wa zamani na kusimamisha mpya palepale. Uzio wa miaka ya 1990 ulikuwa kichekesho: mabamba ya chuma ya jeshi, yale yaliyotandikwa chini helikopta zipate kutua enzi za vita vya Vietnam, yakasimamishwa yakaitwa uzio.

Jambo ambalo wanasiasa hawalitaji jukwaani ni matengenezo. Nguzo hizo hukatwa kwa msumeno wa umeme wa mkononi, ule ambao fundi yeyote anaununua dukani. Kumbukumbu za walinzi wa mpaka wenyewe zinaonyesha kwamba ukuta ulitobolewa zaidi ya mara 3,000 katika miaka mitatu ya fedha, 2019 hadi 2021. Wakataji wakimaliza huirudisha nguzo mahali pake, wakaziba mkato, na doria ikapita bila kushtuka.

Halafu kuna maji. Arizona ni jangwa, lakini msimu wa mvua makorongo makavu hufurika ghafla. Maji huja na magogo na takataka, yanaziba zile nafasi kati ya nguzo, na ukuta unageuka bwawa. Mwaka 2011 mafuriko yaliangusha kama mita 12 za uzio ndani ya hifadhi ya Organ Pipe Cactus. Dawa yake ni mageti makubwa kwenye makorongo, yanayofunguliwa mvua zikianza. Ila geti likiwa wazi kwa maji, liko wazi kwa watu pia. Na Agosti 2021, karibu na mji wa Douglas, maji yaliyang'oa mageti yenyewe kwenye bawaba zake.

Je, hauna kazi kabisa? Siwezi kusema hivyo. Mjini unamchelewesha mtu dakika chache, na mjini dakika hizo ni mali, maana akishaingia mtaani mlinzi hampati tena. Lakini huko jangwani, ambako anayevuka ana siku kadhaa za kutembea mbele yake, dakika kumi za kupanda ngazi hazimpunguzii wala hazimwongezei mlinzi kitu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Ghalani nilikofanya kazi nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Sonora, amenizidi umri. Kwao ni saa chache kwa gari. Kwetu ni kubadilisha ndege na kulala uwanjani. Mimi mwenye kibali nilikuja likizo nikarudi kazini, yeye asiye nacho hakwenda kwao hata siku moja. Mama yake alipofariki alifuata mazishi kwenye simu wakati wa mapumziko ya chakula, amekaa juu ya kreti, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Kengele ilipolia akafuta uso, akavaa glavu, akaendelea kupakia.

Wenzake wa Mexico waliomtangulia hawakuishi hivyo. Kuanzia 1942 hadi 1964 kulikuwa na mpango ulioitwa Bracero, wa kuwaleta vibarua wa Mexico kwa mkataba. Ulipofutwa, watu waliendelea kwenda na kurudi, wengi bila karatasi: mavuno yakiisha, wanarudi kwao. Kisha ikaja operesheni ya kubana mpaka katika mji wa El Paso mwaka 1993 na nyingine San Diego mwaka 1994, walinzi wakaongezwa, uzio ukaongezwa. Njia zikahamia jangwani, watu wakafa kwa kiu na joto, wavushaji wakapandisha bei. Aliyebahatika kufika aliona ni wazimu kurudi kisha aanze upya safari ile. Akabaki, akaita mke na watoto wamfuate. Mwanasosiolojia Douglas Massey na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya hilo mwaka 2016, wakaonyesha kwamba ulinzi wa mpaka uliwafungia watu ndani. Wasio na vibali walikadiriwa kuwa milioni 3.5 mwaka 1990, na kufikia 2007 walikuwa milioni 12.2. Si kwa sababu ya mpaka peke yake, kazi nazo zilikuwepo, na wapo wengi walioingia kwa ndege wakiwa na visa halali wakapitiliza muda. Hao ukuta wameuona kwenye televisheni tu.

Ujenzi unaendelea. Julai 2025 ilipitishwa sheria iliyotenga dola bilioni 46.5 kwa ajili ya kazi hiyo, kwa hiyo vipimo nilivyowapa hapa vitapitwa na wakati.

Na wewe mdogo wangu uliyenivuta pembeni kuniuliza njia ya kupitia Mexico, urefu wa nguzo usikusumbue sana. Isome kwanza sheria yao ya 1996. Ukikaa mwaka mmoja au zaidi bila kibali kisha ukatoka, unafungiwa nje miaka kumi. Kwa hiyo huku pakitokea msiba, utachagua: uje uzike na kazi uiage, au ubaki na simu yako. Njoo Jumamosi na vyeti vyako vyote, tutazame pamoja visa gani inakufaa.