Nilitaka Kujua Saa Tu

Usiku mmoja nilishtuka usingizini, nikapapasa chini ya mto na kuwasha simu ili nijue ni saa ngapi. Ilikuwa saa nane na dakika chache. Nilipoizima ilikuwa saa kumi kasorobo, na katika muda wote huo nilichokikumbuka ni ugomvi wa watu nisiowajua na picha za harusi ya mtu niliyesoma naye zamani. Kutazama saa niliamua mwenyewe. Yaliyofuata yalikuwa ya kidole.

Kama huu ni uraibu hasa, wataalamu bado wanabishana. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya kidijitali katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, ila uraibu wa simu janja haumo. Tahadhari hiyo naielewa, kwa kuwa simu ndiyo ofisi na ndiyo barua, na hakuna awezaye kuiacha kama aachavyo sigara.

Hata hivyo, namna inavyomnasa mtu ilijulikana kabla simu hizi hazijakuwapo. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba mnyama anayepewa chakula bila mpangilio, mara apate mara akose, huendelea kubonyeza kitufe kwa muda mrefu zaidi, hata chakula kinapokoma, kuliko yule aliyezoea kupewa kila abonyezapo. Nami nikiifungua simu mara kumi nisikute kitu, ya kumi na moja nikakuta ujumbe niliokuwa nikiungoja, ni hiyo moja inayonirudisha. Isitoshe, zamani kurasa za intaneti zilikuwa na mwisho, na pale mwisho mtu alipata nafasi ya kujiuliza kama anataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu wa programu za kompyuta, Aza Raskin, akabuni ukurasa usiokwisha, jambo ambalo baadaye alikiri hadharani kwamba analijutia.

Kuhusu afya ya akili napenda kusema kwa uangalifu. Mei 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alionya kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku katika mitandao ya kijamii wanakabiliwa na hatari maradufu ya kupata dalili za sonona na wasiwasi. Hilo halithibitishi kwamba simu ndiyo chanzo, maana wapo wanaoikimbilia kwa sababu tayari wana huzuni. Kwangu mimi vilikuja pamoja: usingizi ulipungua, nikawa mwepesi wa hasira, nikaanza kujilinganisha na maarusi wale wa saa nane usiku, na mara kadhaa nilihisi simu ikitetema mfukoni ilhali ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu.

Nilinunua saa ndogo ya kengele, na simu sasa inalala sebuleni. Usiku wa kwanza mkono ulipapasa chini ya mto mara mbili, ukakuta shuka. Saa yenyewe haina taa, kwa hiyo nikishtuka gizani sijui ni saa ngapi. Nageukia upande wa pili.